Choo Kikigoma, Usikae Kimya

Bibi wa miaka 80 na ushei amelala kitandani wiki ya tatu tangu aanguke na kuumia nyonga. Anakula kidogo, maji anakunywa kwa kubembelezwa, na vidonge vya maumivu anameza asubuhi na jioni. Siku moja shuka zinaanza kuchafuka: uchafu mwepesi, majimaji, unamtoka bila yeye kujijua. Wajukuu wanaambiana kwamba bibi anaharisha, na mmoja wao anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kukata kuhara. Siku mbili baadaye bibi hataki tena uji, anatapika, tumbo limekaza, na anamwita mjukuu wake kwa jina la mtu aliyekufa zamani.

Bibi huyo haharishi. Amefunga choo. Kinyesi kilichokaa siku nyingi kwenye utumbo mpana kimenyonywa maji mpaka kikawa bonge gumu, bonge limekwama kwenye puru, na majimaji yaliyo juu yake yanajipenyeza pembeni na kutoka. Vidonge vile vya kukata kuhara vimefunga kilichokwisha kufungwa. Hata kule kuweweseka si lazima kuwe kumeletwa na uzee: choo kilichokwama huweza kumvuruga mzee akili, na puru iliyojaa hubana njia ya mkojo, mkojo nao ukakataa kutoka.

Wauguzi wa wodi za wazee wamekiona kisa cha aina hii mara nyingi. Nimekiweka mwanzo kwa sababu kinaonyesha tabia mbaya zaidi ya kufunga choo, nayo ni kujificha. Mara nyingi ni kero tu, inakuja na kuondoka na bakuli la papai. Lakini ikiachwa huvaa sura za maradhi mengine: kwa mzee ni kuhara, kwa mtoto ni utundu, kwa mwanaume wa miaka 50 ni bawasiri anayoitibu kwa dawa za mtaani mwaka mzima huku kuna uvimbe ndani. Na kwa kuwa ni habari ya chooni, watu wanaona aibu kuisema, hata mbele ya daktari.

Kwanza jua kama kweli umefunga

Si lazima kila mtu aende haja kubwa kila siku. Kwa mtu mzima, kuanzia mara tatu kwa siku mpaka mara tatu kwa wiki ni kawaida, ilimradi choo ni laini na hakimsumbui. Wapo waliojijaza dawa za kuharisha tangu ujana kwa sababu tu waliambiwa tumbo lisilosafishwa kila siku lina sumu. Hawakuwa na tatizo lolote, wamejitengenezea.

Hesabu ya siku peke yake haitoshi. Umefunga choo kama unakwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au choo ni kigumu, au unajikamua sana, au unatoka chooni ukihisi bado kimebaki. Mtu anaweza kwenda kila asubuhi na bado akawa amefunga, kwa sababu kila asubuhi anatoa vipande vitatu tu vya kinyesi cha mbuzi baada ya nusu saa ya jasho. Na kipimo kikubwa kuliko vyote ni mazoea yako mwenyewe. Uliyekuwa ukienda kila siku kwa miaka 20, ukaanza kwenda kila siku ya nne, lipo lililobadilika, hata kama jirani yako anaiona siku ya nne kuwa ni kawaida yake.

Madaktari wanatumia chati ya picha iliyochapishwa mwaka 1997 na Stephen Lewis na Ken Heaton wa Bristol, Uingereza. Inagawa choo katika aina saba. Aina ya 1 ni vidonge vikavu vilivyoachana. Ya 2 ni gogo lenye manundu. Ya 3 na ya 4 ni kirefu, laini, kinachotoka bila vita, na ndicho tunachokitaka. Kuanzia ya 5 kwenda ya 7 kinazidi kulainika mpaka maji matupu. Ukimwambia tabibu kwamba kwa wiki mbili umekuwa ukipata aina ya 1, umemwambia mengi kuliko kusema tumbo haliko sawa.

Basi chukua daftari, au simu, uandike kwa wiki mbili: siku uliyokwenda, aina ya choo, kama ulijikamua, kama uliona damu na rangi yake, na dawa zote ulizomeza. Tazama kabla ya kumwaga maji. Kwenye choo cha shimo hutaona vizuri, lakini karatasi au maji ya kutawadhia yatakuonyesha kama kuna damu.

Kinachoharibika ukingoja

Choo kigumu huchana ngozi ya njia ya haja. Mchaniko ule unauma vibaya mno, unauma wakati wa kwenda na saa nzima baadaye, kiasi kwamba mtu anaogopa kwenda tena. Anabana. Kinachobanwa kinazidi kukauka, na siku kikitoka kinachana palepale pasipopona. Watu wengi wanaosema wana bawasiri kwa sababu ya maumivu makali na damu kidogo kwenye karatasi wana mchaniko huu, na tiba yake inaanza na kulainisha choo, pamoja na kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 mara mbili au tatu kwa siku.

Bawasiri yenyewe, ambayo wengine huiita mgolo, ni mishipa ya damu iliyovimba ndani au nje ya njia ya haja. Kujikamua kwa muda mrefu huichochea. Ukiendelea miaka, nyama ya puru inaweza kushuka na kutokeza nje, hasa kwa wazee, kwa wanawake waliozaa mara nyingi na kwa watoto wenye utapiamlo. Mwenye ngiri ataiona inazidi kutokeza. Mwenye ugonjwa wa moyo ana hatari nyingine: anapozuia pumzi na kusukuma, presha hupanda ghafla kisha ikashuka, na wapo wanaozimia chooni. Mgonjwa aliyelazwa kwa shambulio la moyo hupewa dawa ya kulainisha choo kwa sababu hiyo hiyo.

Yapo yanayotokea mara chache lakini huua. Bonge lililokaa muda mrefu linaweza kugandamiza ukuta wa utumbo mpaka ukapata kidonda, kidonda kikatoboka, uchafu ukamwagika tumboni. Utumbo mpana uliorefuka na kujaa unaweza pia kujisokota kwenye shina lake. Madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vizuri ugonjwa huu kwa sababu huku kwetu unaonekana zaidi kuliko Ulaya, na wagonjwa wengi ni wanaume. Dalili zake hazihitaji darubini: tumbo linavimba kama ngoma, choo hakuna, upepo hautoki, maumivu yanakuja kwa mawimbi, na baadaye kutapika. Hapo saa zinahesabika. Usimpe mtu huyo dawa yoyote ya kuharisha, maana utumbo uliofungwa ukilazimishwa kusukuma unaweza kupasuka. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo.

Kwa mgonjwa wa ini lililokwisha kusinyaa, kufunga choo siku mbili tatu kunatosha kumfanya alale mchana, akeshe usiku na kuongea ovyo, kwa kuwa taka ambazo ini halizimudu zinakaa ndani na kufika kwenye ubongo. Anayemuuguza mtu wa namna hiyo ahakikishe anapata choo laini mara mbili au tatu kila siku, na akikosa amjulishe daktari wake.

Mtoto anayejichafua si mtundu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo viboko hutumika badala ya dawa.

Mtoto wa miaka mitano au sita, aliyekwisha kuacha nepi zamani, anaanza kurudi nyumbani na chupi iliyochafuka. Wenzake wanamcheka, mwalimu anamtoa nje, mama anamfulia kwa hasira na baba anamtishia. Ukimwuliza, anasema hakusikia. Anasema kweli. Puru yake imejaa siku nyingi mpaka imetanuka, na puru iliyotanuka haipeleki tena taarifa ya kwenda haja. Uchafu laini unapita pembeni ya bonge na kutoka wenyewe. Ni yale yale ya bibi kitandani.

Mara nyingi ilianza na siku moja tu ya choo kigumu kilichomuumiza. Akaamua hataki tena. Utamwona anasimama kwenye ncha za vidole, anabana mapaja, anajificha nyuma ya mlango, uso umemwiva. Mzazi anadhani mtoto anasukuma, kumbe anazuia. Wengine wanaanza kuzuia wanapoanza shule. Choo hakina mlango, kinanuka, foleni ni ndefu, au shimo ni pana na mtoto anaogopa kutumbukia, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Anabana mpaka arudi nyumbani, na akifika nyumbani hamu imekwisha. Puru iliyojaa inabana kibofu, kwa hiyo mtoto huyohuyo anaanza kukojoa kitandani au kupata maambukizi ya mkojo ya mara kwa mara. Kama mwanao ametibiwa mkojo zaidi ya mara moja na hakuna aliyekuuliza habari za choo chake, iseme wewe.

Tiba ina hatua mbili na watu huishia ya kwanza. Kwanza bonge liondolewe, kwa dawa atakayoandika daktari, mara nyingi makrogoli au laktulosi kwa kipimo kinachotokana na uzito wa mtoto. Kisha dawa ya kulainisha iendelee kwa miezi, ndiyo, miezi, mpaka puru inywee na hisia zirudi. Mzazi anayeacha dawa wiki ya pili kwa sababu mtoto amepona atarudi mwanzo. Sambamba na dawa, mkalishe chooni au kwenye poti dakika 5 hadi 10 baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni. Miguu yake ikanyage kitu. Mtoto anayening'iniza miguu hawezi kusukuma vizuri. Msifu kwa kukaa, hata asipotoa kitu. Aibu na viboko humfanya abane zaidi. Zungumza na mwalimu wake pia, ampe ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Kwa wachanga mambo ni mengine kabisa. Kinyesi cha kwanza, kile cheusi chenye kunata, hutoka ndani ya saa 24 kwa watoto wengi waliozaliwa miezi ikiwa imetimia. Zikipita saa 48 bila kitu, mtoto aangaliwe na daktari, na akitapika kijani au tumbo likivimba asisubiriwe hata saa moja. Mojawapo ya sababu ni ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haina chembe za neva za kuuamuru usukume, na tiba yake ni upasuaji. Kwa upande mwingine, mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, aliyevuka wiki sita hivi, anaweza kukaa siku kadhaa hata wiki bila choo na asiwe na tatizo lolote, maadamu ananyonya, anakua, na choo kikija ni laini. Huyo mwacheni. Na mabibi wanisamehe kwa hili: mtoto aliye chini ya miezi 12 asilambishwe asali kwa ajili ya tumbo wala kwa sababu nyingine. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto misuli mpaka ashindwe kupumua, na dalili ya mwanzo ya ugonjwa huo ni hiyohiyo ya kufunga choo.

Tafuta mkosaji kabla ya kununua dawa

Anza na dawa unazotumia. Tramadoli, kodeini na mofini hufunga choo kwa watu wengi, na mwili hauzoei. Anayeandikiwa mofini kwa maumivu ya saratani anatakiwa apewe dawa ya choo siku hiyohiyo, na akiondoka bila hiyo arudi kuiomba. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki ya wajawazito navyo hufunga, na hugeuza choo kuwa cheusi. Usiviache, upungufu wa damu wakati wa kujifungua ni hatari kubwa zaidi. Mwambie muuguzi, kuna namna ya kubadili aina au muda wa kumeza. Wengine kwenye orodha ni baadhi ya dawa za presha, dawa za kiungulia zenye aluminiamu, vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, na amitriptilini.

Mjamzito ana mzigo mwingine: homoni za mimba hulegeza utumbo. Akiongeza udongo wa kula unaouzwa sokoni, choo kinakuwa zege. Udongo huo pia hushika madini ya chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo anameza vidonge vya damu na kuvizuia kwa mkono wake mwenyewe. Kutamani udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, pima damu.

Kuna kubana kwa sababu ya kazi na safari. Dereva wa daladala, mama anayeuza sokoni ambako choo ni cha kulipia na hakifai, askari wa lindo, abiria wa basi la mikoani anayengojea gari lisimame watu wakachimbe dawa kisha akaona vichaka vimejaa watu akarudi kukaa. Hamu ya kwenda ikipuuzwa hupotea baada ya dakika chache, na ikipuuzwa kila siku huacha kuja.

Halafu yapo magonjwa: kisukari cha muda mrefu, tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo (mtu anachoka, anahisi baridi, ananenepa, ngozi inakauka), ugonjwa wa Parkinson, kuumia uti wa mgongo, na saratani ya utumbo mpana. Watoto wanaokula mapera mengi na kumeza mbegu zote wanaweza kuzibwa na mbegu zenyewe. Hilo msimu wa mapera ulikumbuke.

La kufanya nyumbani, kwa mpangilio

Kama huna dalili za hatari nitakazozitaja baadaye, anza hapa na ujipe wiki mbili.

Panga saa. Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi baada ya kuamka na baada ya kula, hasa mlo wa kwanza. Kunywa chai au kahawa ya moto, kula, kisha kati ya dakika 15 na 30 baadaye nenda chooni, upende usipende. Kama lazima utoke saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, amka mapema kidogo. Najua usingizi ni mtamu. Bawasiri si tamu.

Kaa vizuri. Kuchuchumaa hunyoosha njia ya puru kwa kulegeza msuli unaoikunja, kwa hiyo choo cha kuchuchumaa kina faida ambayo wengi wetu tuliikimbia tulipojenga nyumba za kisasa. Kwenye choo cha kukaa, weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, magoti yapite kiuno, inama mbele, viwiko juu ya magoti, mdomo wazi, usizuie pumzi. Sukuma kwa tumbo. Zikipita dakika 10 bila kitu, inuka, utarudi baada ya mlo mwingine. Simu ibaki nje. Kwa mzee ambaye magoti yamekataa, tengeneza kiti chenye tundu juu ya shimo na kipande cha ubao au bomba ukutani cha kujishikia. Wazee wengi hupunguza kula na kunywa ili wasiende chooni mara kwa mara, kwa hofu ya kuanguka.

Chakula sasa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, aliona kuwa maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo: mwanakijiji wa Uganda alitoa zaidi ya gramu 400 za choo kwa siku, na chakula kilipita mwilini mwake kwa siku moja na nusu hivi, Waingereza waliopimwa walitoa karibu gramu 100, na chakula kiliwachukua zaidi ya siku tatu. Si yote aliyoyahubiri Burkitt kuhusu nyuzinyuzi yamethibitika, lakini hili la choo limesimama. Tatizo ni kwamba yule mwanakijiji alikula viazi vitamu, maharage na matoke, na mjukuu wake leo anakula chapati za unga mweupe, chipsi na soda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Si mlima. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10, na parachichi kubwa linakaribia hapo. Badilisha sembe kwa dona. Kula kunde, mbaazi, choroko. Mboga za majani kila mlo. Viazi vitamu na maganda yake yaliyooshwa. Papai, embe, chungwa pamoja na nyama yake nyeupe badala ya juisi iliyochujwa. Ongeza polepole, wiki hadi wiki, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha siku ya tatu ukilaumu maharage. Na nyuzinyuzi bila maji hukaza choo badala ya kulainisha. Lita moja na nusu mpaka mbili za vinywaji kwa siku zinawatosha wengi, zaidi kama unafanya kazi juani; waliopunguziwa maji na daktari kwa ajili ya moyo au figo wafuate waliyoambiwa. Mwezi wa Ramadhani, gawa maji kati ya futari na daku usinywe yote kwa mkupuo, na anza futari kwa tende na uji kabla ya sambusa na bajia.

Ila mwenye bonge lililokwisha kukwama, au anayetumia mofini, asijaziwe pumba na mboga akidhani atajikomboa. Anaongeza foleni nyuma ya mlango uliofungwa. Huyo anahitaji dawa kwanza.

Kutembea dakika 20 hadi 30 kwa siku kunasaidia. Aliye kitandani ageuzwe, akalishwe, na ikiwezekana atolewe kwenye kiti cha haja, kwa maana kutoa choo ukiwa umelala chali ni kazi isiyowezekana kwa wengi.

Dawa za dukani na za bibi

Kuna zinazovuta maji kwenye choo, kama laktulosi na makrogoli. Ni salama kwa wengi, hata wajawazito, lakini laktulosi huchukua siku mbili tatu kufanya kazi, kwa hiyo usiiache siku ya kwanza kwa kudhani haifai. Isapgoli, maganda ya mbegu yanayopatikana kwenye maduka mengi ya viungo, huongeza ujazo, na lazima inywewe kwa glasi kubwa ya maji. Bisakodili huuamsha utumbo. Ukimeza usiku unakwenda asubuhi. Usiimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia, maana ganda lake litayeyuka tumboni mapema na kukukata tumbo. Ikiwa puru imejaa, kidonge cha gliserini cha kuweka kwa chini hufanya kazi ndani ya saa moja.

Sanamaki ni dawa ya kweli. Majani yake ndiyo yanayotengenezewa vidonge vya hospitali. Shida ni kipimo. Kikombe cha mkono wa mtu huyu ni kikali mara tatu ya kile cha yule, na kuinywa kila siku kunaweza kukupotezea chumvi za mwili. Mafuta ya nyonyo mjamzito asiyaguse, yanaweza kuamsha uchungu. Chumvi ya haluli na dawa nyingine zenye magnesiamu si za mwenye ugonjwa wa figo. Na bomba la maji ya sabuni, pilipili au mitishamba lisitumike kwa mtu yeyote, mtoto zaidi: linaunguza ukuta wa utumbo, na ncha ngumu huweza kuutoboa.

Ukihitaji dawa hizi kila wiki kwa mwezi mzima, wakati wa duka la dawa umekwisha.

Wakati wa kwenda hospitali, na la kusema ukifika

Nenda leo kama tumbo limevimba na upepo hautoki, kama unatapika, kama maumivu ni makali au una homa, kama choo ni cheusi kinanata na hutumii vidonge vya damu, au kama umepata ganzi kati ya mapaja pamoja na miguu kukosa nguvu au mkojo kukataa. Ganzi hiyo ina maana mishipa ya chini ya uti wa mgongo inabanwa, na kesho inaweza kuwa ni kuchelewa.

Nenda wiki hii kama unaona damu, unapungua uzito bila kutaka, umeishiwa damu bila sababu inayojulikana, choo kimebadilika baada ya miaka 45 au 50, au kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo. Saratani hii ni ya tatu kwa kuwapata watu wengi duniani na ya pili kwa kuua. Inawapata vijana pia, kwa hiyo usikubali kuambiwa wewe bado mdogo. Kuwa na bawasiri hakukukingi. Bawasiri na uvimbe vinaweza kukaa kwa mtu mmoja, na damu ikalaumiwa bawasiri peke yake.

Ukifika, usiseme tumbo linasumbua ukaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo. Sema: nimefunga choo, tangu lini, mara ngapi kwa wiki, kigumu namna gani, damu ipo au haipo. Toa daftari. Beba dawa zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba. Daktari anapaswa kukubonyeza tumbo, na mara nyingi kukupima kwa kidole chenye glovu. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na uvimbe mwingi ulioko chini hugunduliwa hapo. Una haki ya kuomba apime daktari wa jinsia yako pale anapopatikana, au muuguzi awepo chumbani. Huenda pia ukapimwa wingi wa damu, sukari na tezi.

Ikiwa una dalili mojawapo kati ya hizo na unatoka na karatasi ya dawa ya kulainisha tu, bila tumbo kuguswa, uliza palepale kama unaweza kupimwa, au uandikiwe rufaa kwenda hospitali yenye kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Kabla ya kamera utapewa dawa ya kusafisha utumbo. Siku hiyo kaa karibu na choo, kunywa maji mengi kadiri ulivyoelekezwa, na mweleze mapema anayekupangia tarehe kama unatumia dawa za kisukari, za kuzuia damu kuganda au vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu huenda ukatakiwa kuzipunguza au kuzisimamisha kwa siku kadhaa.